Twende wote hotelini, au nibaki Dodoma na watoto?

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nina mume na watoto wawili. Mwezi ujao tutakuwa likizo, na mume wangu ameitwa kwenye semina ya kazi Dar es Salaam, Jumatatu hadi Alhamisi. Ofisi yake imemlipia chumba kwenye hoteli moja kubwa katikati ya jiji, upande wa Posta. Zile za ghorofa nyingi, ambazo hata mlango unafunguliwa na mtu aliyevaa koti na kofia. Kaniambia, "Chumba kikubwa, kitanda kikubwa, na kimeshalipiwa. Pandeni treni ya SGR mje wote, watoto wakaione bahari." Kwake yeye limeisha. Mimi tangu aseme hivyo usingizi umekata.

Mtoto wa kwanza ni wa kiume, ana miaka minne, mtundu kupindukia, na usiku bado anakojoa kitandani mara moja moja. Wa pili ni wa kike, mwaka mmoja na miezi minne, bado ananyonya, na ukimlaza mahali asipopazoea analia mpaka mtaa mzima unajua.

Shangazi, mimi na hoteli hatujaanza vizuri. Mwaka jana tulikwenda harusini mkoa mwingine, tukalala kwenye hoteli ya hadhi hiyo hiyo. Huyu mdogo alikuwa hata kukaa hajaanza. Usiku akalia, mgeni wa chumba cha jirani akalalamika, na dada wa mapokezi akanipigia simu: "Mama, hapa wageni wanalipa ili wapumzike." Nilimfunga mtoto mgongoni nikawa natembea naye kwenye korido mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi tunaondoka, tukaletewa bili ya chokoleti, korosho na soda za kwenye friji, ambazo kaka mtu alikuwa amezifungua mimi nikiwa naoga. Mume wangu hakusema neno mpaka tumefika nyumbani. Alipofika akasema mengi.

Tena si hilo tu. Mume anataka twende na dada wa kazi anisaidie, anasema atalala kwenye kapeti kwa kuwa kapeti la kule ni nene. Mama mkwe, ambaye tunakaa naye, anasema kulala hoteli ya laki kadhaa wakati tuna ndugu Dar ni kuchezea hela, na kwamba nimwachie wajukuu wake. Na kweli ndugu tunao: wifi yangu anakaa Sinza, na akisikia tumefika mjini tukalala hotelini, itakuwa kesi ya ukoo mzima.

Nifanyeje? Naogopa kwenda, naogopa kukataa, na nikisema ukweli naogopa hata kuuliza hiyo hoteli chochote, wataniona mshamba.

Mama wa Wawili, Dodoma

*

Marahaba mwanangu.

Nenda. Ila usiende Jumatatu.

Tuanze na ratiba, maana hiyo ikikaa sawa nusu ya maswali yako yanajijibu. Semina za kazi nazijua. Mumeo atatoka chumbani saa moja na nusu asubuhi, atarudi jioni amechoka, na huenda kuna chakula cha usiku cha pamoja na wakubwa zake. Wewe utabaki ghorofa ya kumi na ngapi huko na watoto wawili, dirisha halifunguki, na kila kilichomo chumbani ni cha kukatazwa: usiguse, usipande, usivute. Chumba kinachoonekana uwanja Jumatatu jioni, Jumanne mchana kimeshakuwa kibanda. Ukikaa hivyo wiki nzima utarudi Dodoma umechukia hoteli, umechukia Dar, na mume naye humo humo.

Safirini Jumatano. Hapo mumeo ameshazoea mazingira, anajua lifti ziko wapi na chakula kikoje, na kwako inabaki Alhamisi tu ya kuwa peke yako na watoto kutwa nzima. Aulize ofisini kwake kama chumba kimelipiwa mpaka Ijumaa asubuhi. Kwa semina inayoisha Alhamisi jioni mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Usiku wa Ijumaa mlipe wenyewe, mmoja tu. Hoteli za katikati ya jiji zinaishi kwa watu wa semina na biashara. Ijumaa hao wakiondoka vyumba vinabaki wazi, na nyingi hushusha bei mwisho wa wiki. Akiwa pale pale, Jumanne, aulize mapokezi bei ya Ijumaa, ailinganishe na iliyoko mtandaoni, aombe ile ya chini. Akitajiwa dola aombe ya shilingi, kwa kuwa tangu mwaka 2025 kanuni zinataka huduma za ndani ya nchi zitajwe bei na kulipwa kwa shilingi. Na aulize kama bei hiyo imeshajumuisha VAT.

Jumamosi mchana mnahamia Sinza kwa wifi. Jumapili mnapanda treni. Hayo ya Sinza nitayarudia.

Sasa hili la "kimeshalipiwa". Kilicholipiwa, mwanangu, ni kitanda cha mtu mmoja na kifungua kinywa cha mtu mmoja. Ndivyo ofisi zinavyoweka oda. Mtu mzima wa pili akiingia, bei ya chumba inapanda kidogo na kifungua kinywa kinahesabiwa. Watoto wadogo mara nyingi hulala bure wakitumia kitanda cha wazazi, lakini umri unaohesabiwa ni mdogo hutofautiana: kuna hoteli inaishia miaka sita, nyingine kumi na miwili. Chakula nacho kina umri wake. Kwa hiyo hiyo nyongeza ni yenu, si ya ofisi, na mumeo aombe bili mbili tangu mwanzo: moja ya ofisi, moja ya familia. Mhasibu wa ofisini hana haja ya kukuta juisi ya embe ya mtoto kwenye karatasi za semina. Ajue pia kwamba kwenye kufika watashikilia kiasi fulani kwenye kadi yake au kumwomba dipoziti ya fedha taslimu, na mkiondoka bila deni inarudi.

Kuingia kimya kimya, mkapanda lifti kwa mafungu, msithubutu. Kila anayelala ndani ya jengo anatakiwa awe kwenye orodha. Moto ukitokea usiku, hiyo orodha ndiyo itakayowaambia waokoaji kwamba chumba chenu kina watu wanne na si mmoja.

Nimekusoma pale uliposema unaogopa kuuliza wasikuone mshamba. Kabla ya kazi hii ya kuandika nilifanya kazi hotelini, upande wa usafi wa vyumba, kwa hiyo hapa naongea ninachokijua. Wageni wanaouliza sana ndio waliozoea hoteli. Mgeni aliyezoea anapiga simu wiki moja kabla, anataka mto wa aina fulani, anataka chumba kisichopigwa na jua la jioni, na hakuna anayemcheka. Anayeogopa kuuliza ndiye anayepewa chumba kilichobaki, kile kilicho mkabala na lifti.

Andika ujumbe huu, utume kwa barua pepe au kwa namba ya WhatsApp ya hoteli, ili majibu yabaki kwenye maandishi na jina la aliyekujibu lionekane:

"Habari. Mume wangu ana chumba kwenu kwa ajili ya semina. Mimi na watoto wetu wawili, wa miaka minne na wa mwaka mmoja, tutaungana naye Jumatano. Naomba kujua nyongeza ya mtu mzima mmoja na watoto ni kiasi gani pamoja na kifungua kinywa. Naomba kitanda cha mtoto mchanga chumbani, na kinga ya godoro kwenye kitanda kikubwa. Naomba chumba kilicho mwisho wa korido, mbali na lifti na baa, kisicho na mlango wa ndani wa kuunganisha na chumba kingine. Naomba friji ya chumbani iwe tupu. Tutafika na treni ya asubuhi. Kama chumba kitakuwa tayari kabla ya saa nane mchana tutashukuru."

Umeona hakuna neno la kuomba radhi humo? Liache hivyo hivyo.

Hilo la mlango wa ndani lina sababu. Vyumba vingi vikubwa vina mlango wa kuungana na cha jirani, unafungwa kwa funguo, lakini sauti inapita. Nadhani kile kilio cha mwaka jana ndipo kilipopitia. Na saa nane mchana ndiyo saa ya kawaida ya kukabidhiwa chumba. Mkishuka na treni ya asubuhi mtafika kabla yake, na watoto wamechoka. Wakikwambia chumba bado, waachie mizigo mapokezi, mkae mgahawani au kando ya bwawa mle kitu. Usikubali kusimama na mtoto mgongoni kama anayeomba hisani. Na kama unanyonyesha, nyonyesha hapo hapo kwenye kochi la mapokezi, mtandio wako begani, basi.

Mtoto kulia. Atalia, usiku wa kwanza hasa. Beba shuka lake analolalia nyumbani, lisifuliwe kabla ya safari, libaki na harufu ya kwake. Acha taa ya bafuni inawaka, mlango umeegeshwa. Kitanda cha mtoto kikiletwa kitikise kwa mkono uone kama kimekaza, na uangalie godoro lake limejaa pembe zote, lisiache mwanya wa kuzamisha kichwa. Na simu ya mapokezi ikilia tena usiku, jibu moja linatosha: "Tumesikia, tunambembeleza." Mpigaji anatimiza wajibu wake kwa mgeni aliyelalamika, huna haja ya kutoka chumbani. Akikutolea lugha ya kejeli kama ile ya mwaka jana, mwombe meneja wa zamu. Kila hoteli ya daraja hilo ina mmoja usiku kucha, na hilo neno likitajwa sauti hubadilika.

Kukojoa kitandani kwa mtoto wa miaka minne hata madaktari hawakuiti ugonjwa, husubiri apite mitano. Beba mpira wako wa kitandani kwa uhakika, ingawa godoro la hoteli nzuri mara nyingi limevalishwa kinga chini ya shuka. Mwogeshe, mkojoze kabla ya kulala, muamshe tena wewe unapokwenda kulala. Na ikitokea, usifunike kwa blanketi ukaondoka ukijifanya hujui! Vua shuka, liviringe, liweke sakafuni bafuni, mwambie mhudumu wa chumba asubuhi. Sisi tuliofanya kazi hiyo tulikutana na damu, matapishi, pombe na rangi za nywele. Mkojo wa mtoto hatukuusimulia hata wenyewe kwa wenyewe. Kilichotuudhi ni kuukuta umefichwa saa tisa mchana, umeshazama godoroni. Ukiweza mwachie elfu mbili tatu mezani na kikaratasi cha asante, ajue ni yake.

Friji. Mkifungua tu mlango wa chumba, kama hawajaitoa vitu, piga mapokezi waje wavitoe wakati huo huo. Kuna hoteli ambazo rafu ya friji ina kifaa: chupa ikinyanyuliwa tu, imehesabiwa. Ikishakuwa tupu ni yako, weka maziwa na matunda. Uliza pia maji yapi ni ya bure. Kwa kawaida chupa zilizo kando ya kitanda au karibu na birika ni za bure, za kwenye friji zinalipiwa.

Kisha, kabla hujafungua begi, piga magoti. Nasema kweli, shuka kwenye urefu wa binti yako, utambae chumba kizima. Utaona waya wa birika la umeme unaning'inia mezani, na ukivutwa birika linashuka na maji yake. Pandisha juu ya kabati. Utaona pasi imesimamishwa chini kabisa ya kabati, mfuko wa plastiki wa nguo za kufuliwa, glasi za bafuni kwenye ukingo wa sinki, na kale kapakiti kenye sindano na nyuzi ambako hoteli huweka kwa wema. Vyote juu. Kona za meza ya kioo zifunge taulo. Kaka mtu naye mfundishe, mlango ukiwa wazi, jinsi kitasa cha bafuni kinavyofunguliwa kwa ndani, maana wa umri wake hupenda kujifungia kisha akalia.

Maji ya moto ya hotelini huwa makali kuliko ya hita ya nyumbani. Tanguliza ya baridi kwenye beseni, ya moto juu yake, uchanganye kwa mkono, ndipo mtoto aingie. Kuna na ile kadi ya mlango: ukiichomoa pale ukutani umeme wa chumba unakatika, AC nayo. Ombeni kadi mbili, mume akitoka na moja asiwaache gizani na joto. AC iwekeni digrii 24 au 25, isimpulize mtoto usoni.

Mkipewa chumba chenye roshani, viti na meza vya roshani viingizeni ndani, vyote. Mtoto hapandi ukuta mtupu, anapanda kiti kilicho karibu na ukuta. Ukiona huwezi kupumua kwa wasiwasi, omba chumba kisicho na roshani. Wanavyo.

Bwawa ndilo ambalo mwanao ataliwaza tangu Dodoma, na ndilo mimi ninaloliogopa kuliko yote hayo. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama tunavyofikiri, anashuka kimya, kwa muda usiotosha kujibu ujumbe mmoja wa simu. Maboya ya mikononi ya kupuliza ni ya mchezo, yanachomoka. Mwokozi anaweza kuwepo, anaweza kuwa amekwenda kula. Kwa hiyo sheria ni moja: mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, ndani ya maji, umbali wa mkono kumfikia. Wewe peke yako na wawili, bwawani hamwendi. Subirini Ijumaa jioni baba yupo. Kuhusu mavazi, hoteli nyingi hazikubali fulana na kanga ndani ya maji, zinataka nguo za kitambaa cha kuogelea. Zile za kujifunika mwili mzima zipo Kariakoo za kila rangi, na nyingi wanazikubali, ulizia tu kabla. Binti asiingie na pempasi ya kawaida, inavimba maji. Zipo za kuogelea.

Chakula. Kifungua kinywa usishuke saa moja, hapo semina nzima iko kwenye foleni ya mayai. Shuka saa mbili na nusu wameshaondoka, wahudumu wana nafasi, na mtoto akimwaga uji hakuna anayegeuka. Usijaze mkate na soseji kwenye mkoba. Omba wakupe ndizi mbili za mtoto uondoke nazo, hawakatai. Jikoni kwao yupo mtu wa kupika uji mwepesi, wali mweupe au viazi vya kuponda hata kama menyu haisemi, ilimradi uombe mapema, na uulize bei kabla. Unga wako wa lishe beba, wataupika au watakupa maji ya moto. Chakula cha mtoto mdogo hakuna anayekuzuia kuingia nacho. Kile cha wakubwa kutoka nje hoteli nyingi zinakataza, soma kitabu cha chumbani. Hita ya koili na jiko la aina yoyote acha Dodoma: juu ya dari kuna kifaa cha kunusa moshi, kikilia mtashuka ngazi za ghorofa zote hizo kwa miguu usiku.

Mbu wa Dar wapo, na vyumba vya AC mara nyingi havina neti. Ombeni chumba kipuliziwe dawa mkiwa nje, watoto wavae mikono mirefu jioni. Mkisharudi, mtoto akipata homa ndani ya wiki chache, kapimeni malaria hata kama mlilala ghorofa ya ishirini.

Hiyo Alhamisi yenu msiikalie chumbani. Mkishakula, tokeni kabla jua halijawa kali. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, kutoka Posta ni mwendo mfupi. Linatunzwa humo fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, lile alilolifukua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Wewe mwalimu utalifurahia. Kijana wako atakimbilia magari ya zamani ya viongozi, mwache ayazunguke. Siku nyingine, baba akiwepo, vukeni na kivuko cha Magogoni mpaka Kigamboni na kurudi, saa nne asubuhi msongamano wa waendao kazini ukiwa umeisha. Nauli yake ndogo, na kwa mtoto aliyekulia Dodoma meli ile itamkaa kichwani kuliko bwawa. Mdogo mgongoni kwa mbeleko; gari la kusukuma la mtoto kwenye barabara zetu ni mzigo mwingine tu.

Dada wa kazi. Mwambie mumeo hapana. Kapeti liwe nene kiasi gani, binti wa watu halazwi sakafuni miguuni mwa kitanda cha mume na mke. Kama mnamhitaji, mlipieni chumba chake na mumwandikishe kama mgeni. Kama hamna uwezo huo, na kwa ratiba hii ya Jumatano hamumhitaji kihivyo, mpeni likizo yenye malipo akawaone kwao. Msaidizi wako wa jioni unaye tayari: yule aliyesema "njooni wote." Mkubaliane kabla ya tiketi kununuliwa kwamba akitoka semina ananawa mikono na anachukua watoto wote wawili, na wewe unakwenda kuoga mpaka maji yakuchoshe.

Mama mkwe ana hoja yake na usimbishie. Mwonyeshe hesabu: usiku mnaolipa nyinyi wote ni mmoja, mengine ni nyongeza ya mtu mmoja. Kumwachia mdogo haiwezekani, ananyonya, na hilo atalielewa kuliko mtu yeyote nyumbani hapo. Mkubwa mkitaka kumwacha, muulizeni mwenyewe. Najua atakachojibu.

Wifi asisikie kwa watu. Apigiwe simu kabla hamjaondoka Dodoma, aambiwe wazi: niko kazini mpaka Alhamisi, ofisi ndiyo iliyonipangia hoteli, Jumamosi mchana tuko kwako, tunalala, tunakula kwako Jumapili. Mnunulieni samaki pale soko la Feri Jumamosi asubuhi, wazuri, mbebe na barafu. Akitaka kuja hotelini kuwaona watoto akaribishwe, aende na kitambulisho chake kwa kuwa wageni wa kutembelea huandikishwa mapokezi, mkae naye chini mnywe chai. Na hiyo simu usipige wewe. Ni dada yake mumeo, apige yeye.